Saa Inayokula Jasho

Kuna mwezi nilisimamisha matatu tatu hapa Embu bila kuwa na safari yoyote. Ya kwanza ilikuwa ya Runyenjes, ya pili ya Kiritiri. Ya tatu sijui ilikuwa ikienda wapi, kwa sababu makanga alikuwa ameshanishika kwapa na mguu wangu mmoja umo garini ndipo nikapata sauti ya kukataa.

“Guka, si umetupungia mkono?”

“Sikuwapungia. Natia saa.”

“Unatia saa nini?”

Hapo nikakwama. Kiswahili nilichofunzwa shuleni kinasema saa hutiwa ufunguo, na hii yangu haina pa kutia ufunguo. Hutiwa mtikiso. Nikamweleza kwamba natikisa mkono ili saa iamke, naye akanitazama vile mtu hutazama mgonjwa aliyetoroka wodini, akagonga bodi ya gari mara mbili, wakaondoka. Abiria wa kiti cha nyuma walinigeukia mpaka wakapotelea kwenye kona.

Saa yenyewe ni Seiko 5, na ni urithi. Marehemu baba aliinunua mwaka 1998, mvua ya El Niño ilipokuwa imekata na malipo ya kahawa yameingia, kutoka kwa kijana wa kijijini kwetu Igoji aliyekuwa amerudi kutoka Dubai. Tangu siku hiyo mpaka anaaga dunia sikumsikia baba hata mara moja akisema imesimama. Aliisifu kuliko alivyotusifu sisi watoto. “Hii haitaki ufunguo, haitaki betri,” alikuwa akisema, akiigeuzageuza juani. “Inajitia yenyewe.”

Ndugu zangu walirithi kahawa na ng'ombe. Mimi nikarithi hayo maneno, nami nikayaamini.

Hakuna saa inayojitia yenyewe. Fungua mgongo wake utaona kipande cha chuma, umbo la nusu mwezi, kimeshikwa katikati na kinaning'inia huru. Ukitupa mkono, kinazunguka. Kikizunguka kinavuta kamani, na kamani ikikunjuka polepole ndiyo inayosukuma mishale. Wajapani waliongeza ujanja wao mwaka 1959, kiwiko kidogo cha chuma kinachovuta kamani hata kile kipande kikizunguka kulia au kushoto, ili jasho lolote lisipotee. Kamani ikishiba, saa huenda kwa saa 40 hivi. Baada ya hapo, kimya.

Kwa hiyo ni wewe unayeitia. Baba alikuwa akiamka saa kumi na moja, anakata majani ya ng'ombe, anapogoa kahawa, anapalilia migomba, anabeba gunia kupeleka kiwandani, na jioni bado ana nguvu za kumfukuza mbuzi wa jirani. Mkono wake haukutulia ila kanisani. Saa ilikuwa imeshiba kutwa kucha, na mzee wa watu akidhani ni uhodari wa Wajapani.

Mimi nimestaafu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Asubuhi nakaa kwenye kochi, saa nne nakwenda mkahawani kukaa, saa saba narudi kwenye kochi. Mkono wangu unaofanya kazi zaidi ni wa kulia, ule wa kuinua kikombe, nayo saa huvaliwa kushoto. Matokeo yake ni kwamba saa hii husimama hata nikiwa nimeivaa. Inafia mkononi. Kwa mtu aliye hai, anayepumua, aliyekunywa chai saa hiyohiyo, hilo ni neno zito. Mara ya kwanza nilijishika mpigo wa mshipa kuhakikisha kwamba tatizo ni la saa peke yake.

Kusimama kungekuwa na nafuu kama ingekubali kubaki imesimama. Saa ya betri ikifa imekufa, unaiangalia unajua. Hii ukiiokota tu mezani, kile kipande kinacheza, mshale wa sekunde unaanza kutembea kwa madaha kana kwamba haukuwahi kusimama. Jumatatu moja niliivaa nikitoka chumbani, nikaitazama, ikaniambia ni saa mbili na robo. Mshale wa sekunde unatembea, nitaitiliaje shaka? Nikanywa chai bila haraka. Nikapiga viatu rangi. Nilipofika kwenye ofisi nilikokuwa nikifuatilia hati fulani, askari wa mlangoni aliniambia wamekwenda kula. Saa mbili na robo niliyoambiwa ilikuwa ya Jumapili usiku, na saa yangu haikuona haya kunipa kiporo hicho.

Nilipochoka nikaipeleka kwenye duka la simu, kwa kuwa siku hizi kila kitu kinachobebeka hupelekwa kwenye duka la simu. Kijana aliufungua mgongo kwa kisu, akachungulia, akanyamaza. Akamwita mwenzake. Mwenzake akachungulia, akanionea huruma.

“Mzee,” akasema kwa sauti ya chini, “walikuibia betri.”

“Nani?”

“Pale ulipoipeleka mara ya mwisho. Ona, hata nafasi yake wameiziba.”

Wakanishauri nirudi huko na askari. Sikuwalaumu sana. Kampuni hiyohiyo ya Seiko ndiyo iliyotoa saa ya mkono ya kwanza ya betri na jiwe la kwazi, siku ya Krismasi mwaka 1969, na tangu hapo vizazi vimezaliwa vikijua kwamba saa ni betri, kama vile wanavyojua maziwa ni pakiti. Ila nilipofika nyumbani nilisimulia kisa hicho, na mama watoto akacheka mpaka akaketi.

Fundi wa saa wa kweli nilimpata barazani, nje ya duka la vitambaa. Meza yake ni ndogo kuliko dawati la darasa la kwanza. Ana kioo jichoni kilichoshikwa kwa ngozi ya shavu, si kwa mkono, na kila chombo alichokifungua amekifunika kwa glasi ya chai iliyopinduliwa ili vumbi lisiingie. Chini ya glasi moja kulikuwa na kijiwe chekundu, kidogo kama yai la chawa. Akaniambia ndicho kinachozuia chuma kisile chuma. Aliipokea saa yangu kwa mikono miwili, akaisikiliza kabla ya kuitazama. Nikampenda papo hapo.

“Unaitiaje?” akaniuliza.

Nikamwonyesha. Kila asubuhi, kwa mwezi mzima, nilikuwa nimekizungusha kile kifungo cha pembeni, kama alivyokuwa akifanya baba na saa yake ya zamani, ile ya kabla ya hii. Kidole kilikuwa kimeota sugu.

“Hicho hakishiki chochote,” akasema. “Unamkuna mtu asiyewashwa.”

Kumbe kwa saa za aina hii yangu kifungo ni cha kurekebishia mishale na tarehe tu, na ndiyo maana waliokitengeneza wamekificha chini kidogo, penye namba nne, kisikusumbue mkono. Matoleo ya baadaye yanatiwa kwa kifungo pia. Yangu si ya baadaye.

Kisha akanifunza kuitikisa. Nilikuwa nikiipukuta juu chini, vile daktari alivyokuwa akipukuta kipimajoto cha zebaki. Akaniambia niilaze, uso juu, niipeleke upande huu na huu kama mtu anayechekecha unga, nusu dakika hivi, kisha niivae na nifanye kazi. Neno kazi alilitamka akitazama vidole vyangu.

“Mara ya mwisho iliwekwa mafuta lini?”

“Mafuta gani?”

“Gari lako hulipeleki sevisi?”

“Sina gari.”

“Ng'ombe je, humpeleki joshoni?”

“Nampeleka.”

“Basi.”

Mafuta ya saa hukauka. Kila miaka minne mitano inafaa ifunguliwe, ioshwe, ipakwe upya kwa ncha ya sindano, na hii yetu ilikuwa imetembea kavu tangu enzi za Moi. Aliniomba shilingi 1,500 na wiki moja. Nikalalamika kuhusu bei, kwa desturi, nikalipa.

Aliniambia pia nisioge nayo, maana sabuni hula ule mpira mwembamba unaozuia maji, na nisihangaike ikikimbia au ikichelewa nusu dakika kwa siku, huo ndio uzima wake. Hapo sikubisha. Natoka mahali ambapo mkutano wa chama unaoitishwa saa nane huanza saa kumi, na anayefika saa tisa huombwa apange viti. Nusu dakika ni ya nini?

Lakini tarehe. Jamani, tarehe.

Saa hii inaamini kila mwezi una siku 31. Hiyo ndiyo imani yake na haibadiliki. Mara 5 kwa mwaka, Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba zinapokwisha, lazima uikosoe wewe mwenyewe. Na baba alikuwa ameachiwa onyo na yule kijana wa Dubai, akanipa mimi kama wosia: usiguse tarehe kati ya tisa na nne. Nikalishika. Sisi husoma saa kwa kutazama upande wa pili wa uso wake, mshale ukiwa kwenye tisa tunasema tatu, ila mtu akinitajia tisa kwa mdomo mimi nasikia saa tisa. Nikaelewa kwamba kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku nisiguse. Kwa hiyo nilisubiri kwa nidhamu kubwa mpaka saa tano usiku.

Kijana alikuwa amesema tisa na nne za uso wa saa, yaani saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Katika muda huo meno ya gurudumu la tarehe yameshikana tayari kwa kuibadilisha, na ukilazimisha unavunja. Nilichagua saa tano, kilele cha hatari. Nikasikia kitu kama mtu aliyeuma kijiwe kwenye maharagwe. Kwa wiki mbili kidirisha kilionyesha nusu ya 31 na nusu ya 1, nikarudi barazani na shilingi nyingine. Fundi hakusema neno. Alitoa kijigurudumu kilichovunjika jino, akakiweka kwenye kiganja changu, akanikunjia vidole.

Kidirisha hichohicho kiliwahi kunitisha usiku. Niliamka kama saa nane usiku, kwa shughuli za umri, nikamulika mkono, nikakuta siku imeandikwa kwa Kiarabu. Nimelala Embu, shemeji zangu ni walokole, nimeamka na maandishi hayo mkononi. Asubuhi yakawa yametoweka, imerudi lugha ya Kiingereza. Sikumwambia mtu kwa siku tatu.

Kumbe saa zilizouzwa Ghuba ziliandikwa kila siku mara mbili, Kiingereza na Kiarabu, na usiku wa manane sahani ya siku ikijongea kutoka Jumapili kwenda Jumatatu lazima ipitie kwa Waarabu kwanza. Baba hakuwahi kuyaona hayo kwa sababu saa nane usiku alikuwa amelala, kama walalavyo watu waliofanya kazi. Nilimpelekea muuza nguo mmoja aliyetoka Isiolo, nikageuza kifungo mchana, Jumatatu, anisomee.

“Ithnein,” akasema. “Yaani ya pili.”

“Leo si Jumatatu?”

“Ndiyo.”

“Sasa ni ya pili au ya tatu?”

Tukaanza kuhesabu. Waarabu wanaanzia Jumapili, sisi tunaanzia Jumamosi, ndiyo mosi. Ya pili yao ni tatu yetu. Tukaendelea vizuri mpaka Jumatano, ambayo kwetu ni ya tano, kisha tukafika Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano vilevile, nasi tumeikopa na jina lake. Wiki ya Kiswahili ina tano mbili na haina sita. Nimeishi miaka zaidi ya 60 katika wiki hii na hakuna aliyeniambia. Mteja alikuwa akisubiri kulipia shuka, akaondoka.

Nilipoona naishiwa mbinu, nikaamua kuipeleka saa mahali penye kazi. Binamu yangu yuko Maua, na kazi yake ni kupanda miti ya miraa alfajiri kuchuma vichipukizi, kuvipanga na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Mkono wa mchuma miraa hautulii. Tena nilidhani wangeelewana, maana saa yangu na miraa wana umri mmoja. Ile huisha nguvu baada ya saa 40, nayo miraa ikipita siku mbili imelala, haina mnunuzi. Ndiyo maana pikapu za miraa hushuka barabarani kwa kasi namna ile. Kabla ya Uingereza kuipiga marufuku mwaka 2014, fungu lililochumwa Igembe lilikuwa likiuzwa London kabla halijanyauka, wakati mimi barua ya kutoka Nkubu ilinichukua wiki.

Nikapanda gari la Meru. Ni zaidi ya kilomita 100, kona baada ya kona, Runyenjes, Chuka, Igoji. Kufika Nkubu saa imeshiba kabisa, mimi nimetapika. Mbele kidogo kuna kibao cha Ikweta, na abiria mmoja akaniapia kwamba ukivuka pale saa za aina hii hujitia kinyume. Nikakumbuka kile kiwiko cha mwaka 1959 kisichojali kulia wala kushoto, nikatabasamu kimya kimya, kama mtu mwenye shahada.

Saa ilikaa Maua wiki mbili. Haikusimama hata dakika moja. Iliporudi, ilikuwa inakimbia dakika 10 kwa siku.

Mnaweza kukisia yaliyosemwa. Mkahawa mzima ulikubaliana kwamba imetafuna. Mmoja akauliza ni miraa ya kangeta au ya giza, mwingine akanishauri niinyime usingizi mpaka iitoke. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliinusa.

Fundi akatoa dira ndogo, akaisogeza karibu na saa. Sindano ya dira ikaruka kama ng'ombe aliyeumwa na nzi. “Sumaku,” akasema. “Ililala wapi?” Nikampigia binamu simu. Kila usiku alikuwa akiilaza juu ya spika ya redio, ili aisikie vizuri akitaka kuamka. Spika ina sumaku kubwa tumboni. Ule uzi wa chuma unaopumua ndani ya saa ukishapata sumaku, mizunguko yake hugandana, pumzi zinakuwa fupi, na saa inahema mbio. Fundi aliiweka juu ya kisanduku cha umeme, akabonyeza, akaiinua polepole. Sekunde chache tu. Hakunitoza kitu, alisema amelipwa kwa kicheko.

Yuko Mwingereza anaitwa John Harwood, fundi wa saa, aliyechoshwa na vumbi na unyevu uliokuwa ukiingia kwenye saa kupitia kile kifungo. Mwaka 1924 akapewa hataza huko Uswisi kwa saa ya mkono inayotiwa na mwendo wa mwenye kuivaa. Sina ugomvi na akili yake. Ninachomlalamikia ni kwamba alidhani kila mwenye kuivaa ana mwendo.

Nilirudi nyumbani nikaiweka saa mezani na kutangaza kwamba nitatafuta kile kisanduku cha Wazungu kinachozungusha saa mchana na usiku kwa umeme. Mama watoto alikuwa akitoka na ndoo ya pumba.

“Yaani stima iwe inazunguka,” akasema, “na wewe umekaa?”

Akaichukua, akaijaribu mkononi. Ikamshuka mpaka kiwikoni. Kesho yake akaipeleka kwa fundi mwenyewe, akatolewa pingili nne za cheni, akarudi nayo imemkaa sawasawa. Akikamua anaivua, akifua anaivua, kwa sababu alisikiliza ile habari ya sabuni kuliko mimi. Saa nyingine zote anakata majani, anapalilia, anakwenda sokoni, anarudi. Tarehe aliirekebisha mchana wa tarehe 1 Machi, akiwa amesimama, na haijasimama tangu siku hiyo.

Mimi nikitaka kujua saa namuuliza. Jana nilimwuliza. Akaitazama, akasema ni saa ya kumwagilia sukuma wiki.